Mkunga na Landrova Ndefu

Mkunga aliogopa magari. Naanza na hilo kwa sababu watu wengi waliomjua wanamkumbuka kama mwanamke asiyeogopa kitu, na kwa sehemu kubwa hawakosei. Nilimwona akimtoa mwenyekiti wa kijiji kwenye chumba cha kujifungulia kwa kumsukuma kifuani kwa kiganja kimoja, mwenyekiti akiwa bado anaeleza cheo chake. Lakini akipanda gari alikuwa mtu mwingine. Alishika chuma chochote kilichokuwa karibu, akafumba mdomo, na hatukwenda mbali kabla hajagonga bodi kwa ngumi ili tusimame atapike. Mfukoni hakukosa kipande cha tangawizi mbichi cha kutafuna. Kiti cha mbele hakukitaka. Alikaa nyuma, sakafuni, mgongo ukiegemea ubavu wa gari na miguu imenyooshwa, na kichwa cha mgonjwa kikiwa juu ya mapaja yake.

Sote tulimwita Mkunga. Wagonjwa waliita hivyo, mchungaji aliita hivyo, na hata watoto aliowapokea mwenyewe, wakishakua na kuanza kutumwa dukani, walimwamkia kwa jina hilo. Jina lake la ubatizo nililiona mara chache, nami nitamwacha na lile alilolijibu.

Zahanati yetu ilikuwa ya kanisa, upande wa Madibira, pale vilima vinapokwisha na mbuga ya Usangu inapoanza. Mimi nilifika pale kama msaidizi, nikiwa msichana kutoka Igowole, nimezoea baridi na ukungu, na miezi ya mwanzo joto na mbu vilinifanya nilie kila jioni. Mkunga alinikuta nalia nyuma ya stoo. Hakunibembeleza. Aliniambia kwamba kama ni lazima nilie basi nilie huku nachemsha vyombo, kwa kuwa moto ulikuwa tayari. Nikachemsha vyombo.

Alikuwa mkali, lakini ukali wake haukuwa wa kutabirika. Miaka ile sukari ilipoadimika, aliificha kwenye kabati la dawa na kulifunga kwa kufuli, na mganga wetu alipoomba kijiko kimoja cha chai alimwambia haipo. Kesho yake nilimwona akiikoroga kwenye uji wa mama aliyejifungua usiku, vijiko vya kujaa. Kanisani alisali macho wazi. Alisema amezoea kuangalia. Na alikuwa mwongo, mwongo hodari, ila kwa watu wa aina moja tu. Kamati ya kanisa aliieleza ukweli hata pale uongo ungemsaidia, na mimi aliniadhibu wiki nzima kwa kuandika joto la mgonjwa ambalo sikulipima. Lakini mama aliye katika uchungu alimwambia chochote. Alimwambia maumivu haya ndiyo ya mwisho. Alimwambia mumewe yuko nje analia kwa kumhurumia, wakati mume alikuwa kilabuni. Njiani alisema tumekaribia tangu tunapoondoka nyumbani kwa mgonjwa.

Kabla ya gari, wanawake walioshindwa kujifungua tuliwapeleka kwa mkokoteni wa ng'ombe, au walibebwa kitandani mabegani mwa wanaume hadi barabara kuu. Wengine walifika. Baada ya kiangazi kimoja kibaya kanisa lilikubali kutafuta gari. Fedha zilitosha gari moja lililotumika, wala si la kuchagua sana. Barabara ya lami ilikuwa imekwisha kujengwa, na wakandarasi walikuwa wanauza Landrova zao kabla ya kuondoka. Tukatumwa Iringa watu watatu: Mkunga, mimi, na dereva.

Huyo dereva alikuwa Msangu wa Rujewa, mtu wa maneno machache, aliyeendesha magari ya wajenzi wa barabara tangu siku za vumbi. Alinawa mikono kabla ya kushika usukani, kama mtu anayekwenda kula. Ndiye angeliendesha gari letu, na Mkunga alimheshimu. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walidai alimdharau.

Uani kwa mkandarasi yalikuwa yamebaki magari mawili ya bei tuliyoiweza. Moja lilikuwa Landrova fupi ya petroli, yenye turubai, injini yake ikinguruma vizuri. La pili lilikuwa Landrova ndefu ya dizeli, bodi yake imebonyea kila upande, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Msimamizi wa uani alituambia tuamue mapema, maana watu wa mashamba ya chai wa Mufindi walikuwa njiani kuja kutazama magari hayohayo.

Dereva aliingia chini ya magari. Mkunga yeye aliniambia nilale nyuma ya ile fupi. Nikalala. Miguu haikuenea, ilibidi nikunje magoti hadi karibu na kifua, na kichwa kikagusa chuma. Akanitazama kwa muda. Kisha akajifunga kitenge vizuri, akapanda ile ndefu, akalala chali juu ya bati mbele ya wanaume wote wa uani, akanyoosha miguu, akafumba macho. Alipoinuka alikuwa na vumbi mgongo mzima.

Tukaijaribu ile ndefu. Tulishuka hadi Ipogolo na kupanda tena mlima wa kuingia mjini. Katikati ya mlima injini ikapiga kelele zaidi lakini gari halikuongeza mwendo, na harufu ya kuungua ikajaa ndani. Mkunga alikuwa nyuma, tangawizi mdomoni, uso umelowa jasho. Tuliporudi uani dereva alizima gari akageuka.

"Mama, klachi ya gari hili imekwisha. Litatuacha njiani."

"Klachi inabadilishwa?"

"Inabadilishwa, ikipatikana."

"Na urefu wa lile fupi unabadilishwa?"

Dereva alieleza tu, kwa sauti ya kawaida, kwamba gari fupi ni jepesi, kwamba kwenye tope la mbuga wepesi ni kila kitu, na kwamba mgonjwa aliyekaa akafika ni bora kuliko aliyelala akabaki njiani. Mkunga akamwambia kuna wanawake ambao hawawezi kukaa, wakikalishwa wanakufa, na hao ndio hasa gari linanunuliwa kwa ajili yao. Nilisimama katikati yao nikiona kwamba wote wawili wanasema kweli. Msimamizi akaja kusema gari la watu wa chai linaonekana getini. Mkunga akageuka akasema, "Hili refu." Dereva akaenda kunawa mikono.

Klachi haikupatikana. Dereva aliitafuta Iringa, akaitafuta Mbeya, akaambiwa asubiri, na miaka ile kusubiri vipuri kulikuwa kama kusubiri mvua ya Septemba. Akalitunza gari kwa namna yake. Aliliegesha kwenye mteremko ili liondoke bila kusumbuliwa, aliepuka milima, na mtu akipanda na mzigo usio wa lazima alimshusha. Mkunga naye alikataa gari kubeba maiti. Alisema ni gari la wazima, na alilisema hata kwa mzee wa kanisa aliyefiwa na mke, aliyesimama mbele yake kofia mkononi. Mzee akaondoka. Jioni ile Mkunga alikwenda kwake kwa miguu, akakaa matangani hadi wiki ikaisha, akichota maji kama mkwe wa nyumba. Gari halikutoka.

Wanawake wengi walifika hospitali wakiwa wamelala katika Landrova ile, na wengi wakarudi na watoto. Hilo nalo lisemwe.

Siku ninayotaka kuieleza ilikuwa ya masika. Alfajiri alikuja kijana mmoja mwenye ng'ombe, mtu wa zile familia za Wasukuma zilizokuwa zimehamia Usangu na mifugo yao, akasema mkewe ana uchungu tangu juzi na mtoto hatoki. Tukaenda. Kwao tulimkuta mama amelala juu ya ngozi ndani ya nyumba, midomo imekauka, mkono wa mama mkwe mkononi mwake. Mkunga akampima. Akaweka kipembe chake cha mbao, cha kusikilizia moyo wa mtoto, juu ya tumbo, akainamisha sikio, akakaa hivyo muda mrefu. Yule mama alimwita Mayu, kama wanavyoita mama kwao.

"Mayu, yupo?"

"Yupo," Mkunga akasema. "Amechoka kama wewe. Anangoja umfikishe."

Tukamlaza kwenye gari juu ya godoro, ameenea vizuri, na Mkunga akakaa kichwani pake. Kulikuwa na njia mbili za kwenda barabara kuu. Moja ilizunguka mguuni mwa vilima, ardhi yake ngumu isiyo na tope, lakini ingekula siku nzima. Nyingine ilikata mbuga. Mkunga alimwuliza dereva tupite wapi. Akasema mvua haijanyesha tangu juzi, tukate mbuga, mchana tutakuwa lami. Ni yeye aliyechagua. Mkunga aliitikia kwa kichwa.

Mbuga ilituacha tuingie hadi katikati. Kisha tope jeusi likashika magurudumu, dereva akaingiza gia ya kuvuta magurudumu yote manne, gari likajivuta, likasita, likajivuta tena, na ile harufu ya mlima wa Iringa ikarudi. Safari hii ilikuja na moshi. Injini ikanguruma yenyewe tu, gari likasimama. Dereva akajaribu kila gia. Alipozima, tulisikia ndege wa majini na pumzi za yule mama.

Hakuna aliyelaumu. Mume, ambaye alikuwa amesimama nyuma ya gari akishikilia, alikwisha kuruka na kukimbia kurudi kwao, maji yakimruka hadi kiunoni. Tulikaa. Jua likapanda. Nilimpepea mama kwa kipande cha boksi la dawa. Dereva alikuwa chini ya gari, ndani ya tope, akijaribu kufanya jambo ambalo sote tulijua haliwezekani. Mara kwa mara mama alifumbua macho akauliza kama mtoto yupo. Kila mara Mkunga aliweka kipembe, akasikiliza, akasema yupo.

Mume alirudi na baba yake na ng'ombe wa kulimia, wamefungwa nira. Wakafunga mnyororo mbele ya gari. Dereva akaingia kwenye usukani, tope hadi kwenye nywele, akaongoza gari lililozimwa nyuma ya ng'ombe wale. Mzee alitembea mbele akiwasemesha kwa Kisukuma, taratibu, bila kuwachapa. Mume alitembea kando ya dirisha, mkono wake ndani, ameshika mguu wa mkewe. Mchana wote tulivutwa hivyo. Palipokuwa na maji mengi ng'ombe walisita, kisha wakavuka. Mkunga hakutapika siku ile. Sikuliona hilo mpaka baadaye.

Jua lilipokuwa linateremka tulifika lami. Lori la unga likasimama, tukamhamisha mama pamoja na godoro lake, na tukafika hospitali kabla ya giza. Mkunga alizungumza na daktari mlangoni kwa sauti ya chini, mimi nikiwa nimetumwa maji. Wakampasua. Mtoto alitoka amekufa. Mama akapona.

Kamati ilikaa. Ilisemwa kwamba Mkunga alionywa kuhusu gari lile na hakusikia, akanunua ubovu kwa fedha ya waumini, na ubovu ule umeua mtoto. Mchungaji alimpa nafasi ajitetee. Angeweza kusema kwamba katika lile fupi mama asingeweza kukaa. Angeweza kusema kwamba njia haikuwa yake. Alisimama akasema, "Gari nililichagua mimi," akakaa. Baada ya miezi kadhaa akahamishiwa mbali, na muda mfupi baadaye nikasikia ameacha kazi.

Dereva hakungoja kamati. Aliweka ufunguo wa gari mezani kwa mganga, akaniambia pale mlangoni kwamba ni yeye aliyekata mbuga na mikono yake ndiyo iliyomwua yule mtoto, akaenda kwao Rujewa. Nilimwambia si kweli. Nilikuwa msichana, neno langu halikuwa na uzito wowote.

Miaka ikapita. Nilisoma, nikawa muuguzi kamili Mbeya, nikajifunza kusikiliza kwa kipembe changu. Halafu mwaka ule wanajeshi walipokuwa wanarudi kutoka vitani, nilikuwa ndani ya basi natoka mafunzoni Morogoro, na basi likasimama Ilula ili watu wanunue nyanya. Wauzaji wakazunguka madirisha. Nyuma yao, ameketi kwenye kigoda na hana haraka na mteja, alikuwa Mkunga.

Nikateremka. Alikuwa amekonda na nywele zimekuwa nyeupe, lakini alinijua mara moja.

"Kamwene, binti."

"Kamwene, Mama."

Aliniuliza kazi, akanishika mikono akazikagua kucha kama zamani. Anaishi na dada yake, alisema, wanalima. Nikampa habari za wote. Nilipofikia habari za dereva nilimweleza kwamba hajagusa usukani tangu siku ile. Anatengeneza majembe ya kukokotwa nyumbani kwake. Nikipita Rujewa huwa namsalimia, na hata kiti cha mbele cha lori la jirani hakubali kukalia.

Mkunga alikuwa anapanga nyanya kwenye fungu. Mkono ukabaki hewani.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Anasema alimwua mtoto."

Akaiweka nyanya chini. Kondakta akaanza kuita abiria.

"Mtoto alikuwa amekufa, binti. Nilimsikiliza kule nyumbani kwao, juu ya ile ngozi, hakukuwa na kitu. Hakukuwa na kitu toka mwanzo."

Nilimwuliza kwa nini alisema yupo. Akanitazama kwa ule ukali wa zamani. Yule mama mwenyewe alikuwa anatutoka, alisema. Alikuwa amebakiwa na kamba moja tu ya kushikilia, je, nilitaka yeye aikate? Kila pumzi ilipotaka kukatika alishikilia kwa ajili ya mtoto. Nikamwuliza kwa nini hakusema ukweli baadaye, mbele ya kamati. Akasema baadaye aliogopa wanawake wa mbuga wakijua kwamba Mkunga husema yupo wakati hayupo, hakuna atakayemwamini tena mkunga yeyote pale. Na kujitetea hakukuwa na faida kwake.

"Lakini dereva, Mama."

"Nilidhani analilia gari," akasema. "Wanaume hulilia gari. Nilidhani atapata jingine."

Basi likapiga honi. Alisema nikifika Rujewa nimwambie dereva ukweli wote, nimwambie yeye ndiye aliyenituma. Nilikuwa nimeshika mlango wa basi tayari. Sijui nilipata wapi ujasiri; tangu nimjue sikuwahi kumpinga.

"Siwezi kulibeba hilo, Mama. Njoo umwambie mwenyewe."

Alitazama basi, lililojaa wanajeshi na mizigo hadi mlangoni. Alilitazama kama alivyozitazama zile Landrova uani Iringa. Kisha akamwita dada yake amwangalizie nyanya, akapanda vilevile alivyo, kwa kanga za shambani na kandambili. Mwanajeshi mmoja akampisha kiti. Njia nzima, kupita Mafinga, kupita Makambako, alikaa amefumba macho na mkono wangu ameubana hata vidole vikafa ganzi, na mara mbili nilimshikia mfuko atapike. Niliogopa kuliko siku ya mbuga, kwa sababu sikujua dereva atafanya nini.

Tulimkuta uani kwake, jua limeelekea kushuka, akinyoosha ulimi wa jembe kwa nyundo. Alipomwona Mkunga akasimama. Akaenda kwenye pipa, akanawa mikono, akarudi, akaamkia, akaleta viti. Mkunga hakukaa. Akamwambia akiwa amesimama, bila kuzunguka, kama alivyozoea kuwaambia wanakamati. Akamwambia kipembe hakikusikia kitu. Akamwambia njia yoyote ambayo angepita, mtoto asingelia. Akasema kwamba alipaswa kuja mwaka uleule na hakuja.

Dereva alisikiliza akitazama chini. Mke wake alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Nilimwona dereva akifungua na kufunga viganja vyake, tena na tena. Nilidhani atapiga kelele, au atamwambia Mkunga aondoke, na angekuwa na haki.

"Na yule mama," akasema mwishoni, "anajua?"

"Hajui."

"Yuko hai?"

"Yupo kulekule. Nasikia amezaa tena."

"Basi naye anadhani ni sisi. Au anadhani ni yeye, alichoka mapema."

Mkunga akainamisha kichwa. Kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu nilimwona akikwepa macho ya mtu, anatazama kandambili zake.

"Kuna lori la Madibira," dereva akasema, "linapakia pale kwenye duka la ushirika. Dereva wake namfahamu, atatungoja."

Akaingia ndani kuvaa viatu.